Harambe ya "e" moja: kinachomzamisha mgeni na kinachomwibua

Huko Florida, ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, kuna mji wa pwani uitwao Harambe. Haumo kwenye ramani ya nchi yoyote. Ulijengwa kwa zege, plasta na rangi, ukafunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na waliouchora walikuwa na Lamu vichwani. Pameandikwa "Uhuru 1961". Ipo Hoteli Burudika, kipo kibanda cha Tamu Tamu, na mwenye kiu ya kitu kikali huenda Dawa Bar. Dereva wa gari la kutazama wanyama anakupokea kwa "Jambo!" ya kitalii, ile ambayo Mswahili akiisikia anajua hakuna anayengoja jibu.

Msomaji wa Kiswahili ni hakimu mkali wa mji huu, na ndiye hakimu ambaye haukujengewa. Anaona kwamba harambee imeangusha "e" moja njiani. Anaona kwamba 1961 ni uhuru wa Tanganyika, harambee ni wito wa Kenya, na mitaa ni ya Lamu. Mkahawa wa kahawa unaitwa Kusafiri, jina ambalo mtu hulipata kwenye kamusi. Mwenye mkahawa wa kweli angeandika Safari Njema, au jina la mama yake. Dawa Bar, tuwape haki yao, wamepatia: dawa ya vodka, asali na ndimu inajulikana vizuri Nairobi.

Na bado mji unashika. Plasta imebanduka, matangazo mapya yamebandikwa juu ya matangazo yaliyochakaa, nyaya zimening'inia kama za fundi aliyeitwa jioni, na njia ina alama za magurudumu ya magari ambayo hayajawahi kupita. Asiyejua Kiswahili anauamini kwa sababu kila kitu kinakubaliana na kingine. Anayejua Kiswahili anacheka kwanza, kisha anauamini nusu, kwa sababu hiyohiyo.

Naanza na Harambe kwa kuwa mjadala mkubwa wa wapenzi wa bustani hizi leo umekwama mahali ambapo mji huu unaweza kuukwamua. Kambi moja inasema bustani ya kisasa ni mahali: mgeni azamishwe katika ulimwengu mwingine hata asahau maegesho. Kambi ya pili inasema mgeni alilipa apande bembea, na mawe ya zege hayamrushi mtu. (Bembea hapa ni chombo chochote anachopanda mgeni: treni ya rolakosta, boti, gari.) Zote mbili hupima siku ya ufunguzi, kwa picha za saa mbili asubuhi. Mimi naona kipimo ni saa tisa mchana, jua kali, foleni ya dakika 90 na kifaa kimoja kimeharibika. Saa hiyo ndiyo inayoonyesha kama mandhari ina kazi au ni pazia tu.

Tazama safari yenyewe ya Harambe. Kilimanjaro Safaris ina eneo la takriban hekta 45 na magari ya wazi yanayobeba zaidi ya watu 30 kila moja. Njia inaonekana ya udongo uliokatika kwa mvua, kumbe ni zege iliyotiwa rangi, na mifereji ya magurudumu ilikandamizwa ikiwa mbichi. Uzio hauonekani kwa sababu umezikwa: mahandaki yamechimbwa chini ya usawa wa macho ya abiria, kuta zimefichwa nyuma ya vichaka, na mbuyu mnene kuliko yote ni wa zege. Mwamba wa simba una mfumo wa kupoza na kupasha joto ili mnyama apende kulala juu yake, mahali gari linapopita, badala ya kujificha kivulini. Majani ya kula hupachikwa kwenye visiki bandia karibu na njia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mgeni anapaswa kukiona, na kila kimoja kina kazi: bila mwamba ule unazunguka dakika 20 na simba humwoni.

Mwanzoni walitaka zaidi. Waliongeza kisa cha majangili waliomteka mtoto wa tembo aitwaye Little Red, na redio ya gari ikawa inamhimiza dereva awafukuze. Ilikuwa kosa, na si vigumu kuona kwa nini. Twiga akisimama njiani gari linasimama naye, lakini sauti ya redio imerekodiwa na inaendelea kuhimiza mbio. Mgeni anatakiwa ashangae na kufukuza kwa wakati mmoja. Baadaye, mwaka 2012, kisa hicho kiliondolewa, na safari ikawa bora kwa kupungukiwa. Wabunifu wengi hawajalikubali somo hilo: mahali palipojengwa vizuri hapahitaji mtu wa kuwaambia wageni kuna hatari.

Tembea dakika chache ndani ya bustani hiyohiyo ufike mlima wa Expedition Everest, uliofunguliwa Aprili 2006. Una urefu wa takriban mita 61, chini kidogo ya futi 200, kipimo ambacho kikivukwa Marekani jengo hutakiwa kuwekewa taa za kuonya ndege, na taa nyekundu inayowaka juu ya mlima wa hadithi ingeharibu kila kitu. Treni inapanda, inakuta reli imeng'olewa mbele, inarudi kinyumenyume gizani, kisha inashuka hadi kwa Yeti, jitu la theluji la hadithi, hapa sanamu ya mitambo yenye urefu wa zaidi ya mita 7. Yeti huyo alitakiwa kuurusha mkono wake mzima kuelekea abiria. Alifanya hivyo kwa muda mfupi baada ya ufunguzi, akasimama, na hajasogea tangu hapo. Taa za kumetameta ndizo zinazomfanya aonekane kama anatikisika. Mbunifu mkuu wa bustani, Joe Rohde, aliahidi hadharani mwaka 2013 kwamba atamtengeneza. Alistaafu mwanzoni mwa 2021, Yeti akiwa vilevile.

Hapa kuna fundisho la ufundi linalopita bustani moja. Kiumbe kimoja kikubwa mno, kilichowekwa mwisho kabisa wa kisa, ndani ya mlima ambao reli na jengo vinazunguka pande zote, ni kiumbe kisichofikika. Kumtengeneza ni kufunga bembea inayopakia maelfu ya watu kwa siku. Meneja wa zamu atachagua nini? Atawasha taa za kumetameta. Kila kifaa cha mandhari kinahitaji, tangu siku ya kuchorwa, mlango wa fundi, kipuri cha akiba na hali ya pili, yaani namna ya kuendelea kwa heshima pale cha kwanza kinapokataa. Ukikuta kivutio ambacho hali yake ya pili ni giza, ujue walijenga kwa ajili ya siku ya ufunguzi.

Kambi ya mashine itasema: si ndivyo tulivyosema? Acheni madude, jengeni reli. Na wana mfano mzuri. Millennium Force, rolakosta ya bustani ya Cedar Point, huko Sandusky, Ohio, ilifunguliwa mwaka 2000. Mita 94, takriban kilomita 150 kwa saa, treni za watu 36, na kamba ya chuma badala ya mnyororo wa kawaida ili mlima upandwe haraka. Hakuna kisa. Hakuna jabali la zege. Lakini uongo wa kambi hii ni kudai kwamba hakuna mandhari. Reli imepangwa pembeni mwa Ziwa Erie. Unapopanda, upande mmoja ni maji mpaka macho yachoke. Mandhari ipo, ila Cedar Point haikuijenga.

Tena mashine tupu nayo huharibika. Kingda Ka ya New Jersey, iliyofunguliwa 2005, ilikuwa na mita 139, ndefu kuliko rolakosta zote za wakati wake, na safari nzima haikufika hata dakika moja. Ilirushwa kwa mfumo wa haidroliki: mota zikivuta kamba iliyounganishwa na kishikizo chini ya treni kwa nguvu kubwa ndani ya sekunde chache. Mfumo huo unakula vipuri, haupendi upepo wala mvua, na mara nyingine treni ilishindwa kufika kileleni ikarudi ilikotoka. Februari 2025 mnara wake uliangushwa kwa baruti. Nduguye wa Cedar Point, Top Thrill Dragster, alijengwa upya kuwa Top Thrill 2, akafunguliwa Mei 2024, akafungwa baada ya wiki moja hivi kwa matatizo ya treni, akarudi 2025. Foleni ya saa mbili chini ya mnara uliosimama haina tofauti na foleni ya saa mbili mbele ya Yeti asiyetikisika, isipokuwa kwamba kwa Yeti angalau kuna paa.

Kwa hiyo tuuache ugomvi wa mawe na chuma. Swali lenye faida ni: mandhari hii inafanya kazi gani?

Kazi ya kwanza ni kizingiti. Disneyland ya California ilipofunguliwa Julai 1955 ilizungushiwa tuta la udongo ili aliye ndani asione mji wa nje. Kila bustani nzuri imeendeleza tuta hilo kwa namna yake. Mfano bora ninaoujua ni Diagon Alley, mtaa wa wachawi wa Harry Potter katika bustani ya Universal, Orlando, iliyofunguliwa Julai 2014. Kwa nje ni mtaa wa London: stesheni, nyumba za matofali, basi la zambarau. Hakuna bango linalosema ingia hapa. Mwanya wa kuingilia umekatwa katika ukuta wa matofali yaliyovunjika na umepinda, na kupinda huko ndiko kunakofanya kazi: macho hayaoni ndani mpaka mwili uwe ndani, na kelele za nje zinakatwa na kona. Kisha mtaa unafunguka kwa ghafla, benki mwishoni, joka juu ya paa. Lango lililonyooka lingefanya nusu ya kazi hiyo, kwa gharama ileile.

Miaka minne kabla, kampuni hiyohiyo ilikuwa imejifunza kwa maumivu. Hogsmeade ya 2010, kijiji cha hadithi hiyohiyo, ilijengwa kwa vipimo vya kwenye filamu, maduka madogo, milango myembamba, na duka la fimbo za uchawi likawa dogo kiasi kwamba foleni yake ilitoka nje juani. Picha ilikuwa sahihi, duka halikuwa duka. Diagon Alley ilipokuja, duka la fimbo lilipewa vyumba kadhaa vya onyesho vinavyofanya kazi sambamba, na mgeni anayeingia kimoja hajui kuwa kuna vingine. Uaminifu kwa chanzo una mipaka yake. Mpaka huo ni bega la mtu aliyebeba mtoto.

Kazi ya pili ya mandhari ni kufanya foleni iwe sehemu ya safari, na hapo ndipo hesabu inaingia, kwani hakuna anayezama kwa kusimama. Tuseme rolakosta ina treni za viti 24. Stesheni ikitoa treni moja kila sekunde 60, wanapita watu 1,440 kwa saa. Wahudumu wakichelewa kufunga vizuizi vya mapajani, wageni wakihangaika na mabegi, treni ikatoka kila sekunde 90, wanapita 960. Foleni ya watu 1,500 iliyokuwa ya dakika 62 imekuwa ya dakika 94, na hakuna kilichoharibika. Sababu ya treni kutofidia muda ni kwamba reli imegawanywa vipande, na kwa usalama kila kipande huruhusiwa treni moja tu. Stesheni ikichelewa, treni inayorudi husimama kwenye breki za mwisho, abiria wakiwa wamefungwa vitini wakitazama mgongo wa paa.

Sasa ongeza mstari wa waliolipia. Tuseme kati ya viti 960, asilimia 70 wamepewa wao. Foleni ya kawaida imebakiwa na viti 288 kwa saa. Watu 500 tu mbele yako ni saa moja na dakika 44, na mstari hausogei hata kwa jicho. Disney walikuwa na FastPass, nafasi ya bure ya kuruka foleni, tangu 1999. Oktoba 2021 wakaleta ya kulipia kupitia simu, na 2024 wakaibadili jina. Sipingi biashara kuuza nafasi. Lakini mwenye bustani aliyetumia mamilioni kuficha nguzo za umeme ili mgeni asahau dunia ya nje, kisha akamtaka aangalie simu kila dakika 20 kutafuta nafasi ya saa kumi na robo, amebomoa tuta lake kwa mkono wake. Hakuna ukuta wa zege unaoshindana na kioo cha simu.

Nikitaka kujua ubora wa bustani siangalii tangazo. Njia ni rahisi na kila mgeni anaweza: simama mahali unapoona reli, hesabu treni ngapi zinazunguka, pima kwa saa sekunde kati ya treni moja na inayofuata, zidisha na viti. Bembea yenye uwezo wa treni tatu inayozungusha moja siku ya sikukuu imekuambia kila kitu kuhusu bajeti ya mafundi.

Sasa Galaxy's Edge. Disney walilifungua eneo hili la Star Wars California mwishoni mwa Mei 2019 na Florida Agosti mwaka huohuo, kila moja karibu hekta 6. Kwa upande wa ujenzi, ni kazi ya kuvua kofia. Kwa upande wa kuishi ndani yake, ni onyo. Walichagua sayari ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwenye filamu, Batuu, na wakati mmoja maalumu wa kisa, hivyo wahusika ambao watu walikuja kuwaona hawakuwa na ruhusa ya kuwepo. Muziki unaojulikana dunia nzima haukupigwa mitaani, kwa kuwa mtaa wa kweli hauna okestra. Mabango yaliandikwa kwa herufi za kubuni, yatafsiriwe kwa simu. Kabla ya ufunguzi palizungumzwa habari za sifa ya mgeni kumfuata: ukiharibu chombo cha anga, mtu wa baa atakujua. Sehemu kubwa ya hayo haikufika.

Kosa lilikuwa nini? Walichanganya uthabiti na ukarimu. Mji wa kubuni unaweza kuwa thabiti kila tofali na bado ukamfanya mgeni ajione kachelewa kwenye arusi ya watu asiowajua. Harambe ina kasoro za lugha kila kona, lakini haikutaki ufanye chochote: unapita, unakula, unapanda gari. Batuu ilimtaka mgeni aigize, bila kumpa mwenzake wa kuigiza naye, kwa sababu wahusika wanaozunguka mtaani ni mishahara, na mishahara ndiyo hukatwa kwanza. Zege hulipwa mara moja. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba upande wa California utalegeza wakati wa kisa ili wahusika wa zamani na muziki wao waingie. Yaani baada ya miaka sita wamekubali walichokuwa wakiambiwa na wageni tangu wiki ya kwanza.

Wakati huohuo bembea kubwa ya eneo hilo, Rise of the Resistance, iliyofunguliwa Florida tarehe 5 Desemba 2019, inaonyesha bei ya kutamani makubwa. Imeunganisha mifumo minne ya kubeba watu katika kivutio kimoja cha dakika zipatazo 18, ikiwemo magari yasiyo na reli inayoonekana. Hesabu ya uwezekano haimpendi mtu: mifumo minne ikifungwa mfululizo, na kila mmoja ukiwa mzima asilimia 97 ya muda, kwa pamoja inakuwa mizima chini ya asilimia 89. Ilisimama mara kwa mara mwanzoni, na bado naiona ndiyo hoja nzuri kuliko zote ya kambi ya mandhari, kwa sababu mandhari yake si ukuta wa kungojea. Unadhani uko kwenye foleni, kumbe umeshakamatwa.

Galactic Starcruiser, hoteli ya Star Wars ya vyumba 100 iliyofunguliwa Machi 2022, ilipeleka wazo hilo mpaka mwisho: siku mbili usiku na mchana ndani ya kisa, waigizaji kila saa, wageni wawili wakilipa karibu dola 4,800. Wengi walioingia walitoka wakiisifu kwa machozi. Ikafungwa Septemba 2023. Wanaosema ilifeli kwa kuwa kuzama ni upuuzi hawajaitazama hesabu: ilikuwa tamthilia ya watu mia chache kwa bei ya safari ya familia nzima, isiyo na sababu ya kurudiwa na mtu yuleyule mwaka ujao. Bustani huishi kwa wanaorudi.

Kama kuna mahali mawe na chuma vimeoana, ni Brühl, Ujerumani. Phantasialand ni bustani ndogo iliyobanwa na makazi ya watu, haina ruhusa ya kujenga juu wala ya kupiga kelele. Kwa hiyo walichimba. Taron, rolakosta iliyofunguliwa 2016 katika eneo la Klugheim, inarushwa mara mbili na kufika kilomita 117 kwa saa, lakini haipandi mbali juu. Inajikunjakunja yenyewe kati ya nguzo za mawe meusi, huku njia za miguu zikipita chini, juu na katikati ya reli. Mawe yale yana kazi tatu kwa pamoja. Yanazuia kelele zisiwafikie majirani. Yanaficha reli, hata aliyeipanda mara 10 asijue kona gani inafuata. Na yanaleta ukuta karibu na uso wa abiria, na mwendo wa kilomita 117 ukutani unahisi zaidi ya kilomita 150 hewani. Asiyepanda naye anapata chake, kwani treni inampitia juu ya kichwa akila viazi vyake. Vikwazo hivyo viliwapa ubunifu ambao fedha peke yake isingewapa.

Universal walitumia hila nyingine kwa gari la machimbo la Donkey Kong, lililofunguliwa Osaka Desemba 2024 na Orlando 2025. Reli unayoiona imekatika, na gari linaruka pengo. Kweli yake ni kwamba reli unayoiona ni ya bandia. Magurudumu halisi yako chini, yamefichwa, na gari limebebwa juu kwa mkono wa chuma. Hila ya akili sana, na uzima wake umetokana na mashine yenyewe badala ya skrini. Tatizo ni viti: kila gari lina wanne tu. Gari moja kila sekunde 15 ndilo linakupa 960 kwa saa, na mtoto mmoja anayelia mlangoni ameshakula magari mawili.

Nimalize na joto, jambo ambalo wabunifu wa Orlando hulisahau kila mara na wa Ghuba hawawezi. Epic Universe, iliyofunguliwa Mei 2025 Orlando, ina malango mazuri kupita kiasi kati ya dunia zake, na kivuli haba katika njia za kati. Abu Dhabi walishaamua zamani. Warner Bros. World ya mwaka 2018 katika Yas Island iko yote ndani ya jengo lenye kiyoyozi, na kwa kufanya hivyo walipata zawadi ambayo hakuna bustani ya wazi inaweza kuinunua: Gotham, mji wa Batman, ni usiku siku nzima. Paa limekuwa tuta la Disneyland lililopinduliwa juu. Jirani yake Ferrari World, ya 2010, imeacha rolakosta yake ya Formula Rossa itoke nje ya paa. Inafika kilomita 240 kwa saa na abiria huvaa miwani kwa ajili ya mchanga.

Kisiwani hapohapo ndipo Disney walipotangaza, Mei 2025, bustani yao mpya. Wabunifu watakuwa wao, lakini atakayejenga, kumiliki na kuendesha ni kampuni ya Miral ya Abu Dhabi. Ni mpango unaofanana na wa Tokyo, ambako Oriental Land Company ndiyo mmiliki, na ambako DisneySea ya 2001 bado inatunzwa kwa namna inayowaaibisha waliouza leseni. Wasomaji walioko Ghuba, na ndugu watakaowatembelea, watapewa picha nyingi za jengo kabla halijafunguliwa. Picha hizo hazitasema mafundi wangapi wanaingia zamu ya usiku, wala bajeti ya vipuri ya mwaka wa tano. Na ikiwa katika pembe moja watajenga tena mtaa wa pwani yetu, safari hii anayesoma bango atakuwa amefika kwa ndege kutoka Mombasa au kwa gari kutoka Muscat, na ataziona "e" zote.